Dende wa Koko wanakufa jikoni, na kila mtu nyumbani ana mshtakiwa wake

"Dokta, mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi, nimeolewa hapa Bukavu mwaka wa saba huu. Mwaka jana mama mkwe, ambaye sote tunamwita Koko, alitoka Walungu kuja kukaa nasi, akaja na kikapu kimefungwa kitambaa. Nikadhani ni maparachichi. Kumbe ni dende watano, wale ambao wengine huwaita simbilisi au kobayi, majike wanne na dume mmoja. Akawafungulia jikoni, chini ya meza ya vyungu, akasema dende hukaa penye moshi, ndivyo ilivyo tangu zamani. Mimi kwangu wale ni panya waliokatwa mkia, sijawahi kula hata kipande. Watoto wamewapa majina. Lile dume wanaliita Mwalimu, kwa sababu manyoya ya kuzunguka macho yake yamekaa kama miwani. Kufika mwezi wa tano walikuwa 27. Sasa tangu katikati ya Julai wanakufa. Manyoya yanasimama, wanachechemea, ukimbeba mmoja analia, kisha anaacha kula. Wamekwisha kufa 11. Koko anasema ni jicho langu kwa sababu nawachukia, tena nilianza kupikia nje kwenye mbabula, lile jiko la makala, moshi ukapungua jikoni. Mimi nasema ni uchafu na kubanana. Bwana yangu anasema ni mikrobe: alinunua ampisilini ya watoto farmasi, akawapa sita, na wanne kati ya hao wakafa ndani ya siku tano. Mezani hatuzungumzi tena vizuri. Nani ana haki? Na ni lazima wanyama hawa wakae jikoni kwangu? Chakula hawakosi: pumba ya mahindi, maganda ya viazi tuliyochemsha, na ubugali uliobaki. Maji hatuwapi, Koko anasema dende hanywi maji."

Mama, pole kwa dende, na pole zaidi kwa hiyo meza. Barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikihesabu. Mna washtakiwa wanne humo ndani, yaani jicho, moshi, uchafu na mikrobe, na kila mmoja ana wakili wake. Lakini muuaji umemtaja wewe mwenyewe pale mwisho, kwenye sentensi uliyoiandika kujitetea. Umesema chakula hawakosi, kisha ukakitaja. Kirudie kukisoma. Pumba, maganda yaliyochemshwa, ubugali. Hakuna jani hata moja bichi.

Dende wenu, kwa dalili ulizonieleza, wana kiseyeye. Ni ugonjwa wa kukosa vitamini C, ule ule uliokuwa ukimaliza mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini wakila mikate mikavu na nyama ya chumvi.

Wanyama wengi hawahitaji kupewa vitamini C kwa sababu wanaitengeneza wenyewe. Mbuzi anaitengeneza kwenye ini lake kutokana na sukari, na ng'ombe, mbwa na sungura vile vile. Dende hawezi. Kuna kimeng'enya kimoja, cha mwisho katika kazi hiyo, ambacho ini lake halina. Ni kama fundi mwenye mbao, misumari na msumeno, ila nyundo imepotea tangu enzi za mababu. Anayoipata kinywani leo ndiyo anayoitumia leo, akiba yake ni ndogo mno. Ikikatika, baada ya wiki mbili hivi unaanza kuona dalili, na wiki ya tatu au ya nne vifo vinaanza.

Vitamini hiyo ndiyo inayowezesha mwili kutengeneza kolajeni, gundi inayoshika ngozi, mishipa ya damu, ufizi na viungo. Gundi ikilegea, mishipa midogo inavuja. Damu inaingia kwenye goti, goti linavimba, mnyama anachechemea. Ukimbeba unamminya penye maumivu, ndiyo sababu analia. Si kwamba anakuogopa wewe. Meno nayo yanalegea, akitafuna anaumia, anaacha kula. Mchukue mmoja anayechechemea, mwinue mdomo wa juu taratibu, utazame ufizi. Ukiona wekundu wa damu, tumekubaliana.

Sasa nikupe habari itakayokufurahisha na kukuudhi kwa pamoja. Unasema dende ni panya. Panya anajitengenezea vitamini C yake. Mfungie panya na dende chumba kimoja, uwape pumba tu: panya atanenepa, dende atakufa. Anayefanana na dende kwenye jambo hili ni wewe. Binadamu, nyani na dende sote tumepoteza ile ile nyundo. Kwa upande wa ini, Mama, huyo mnyama ni ndugu yako wewe kuliko wa panya.

Kilichotokea jikoni kwako kilishatokea kwa wasomi. Mwaka 1907, huko Norwe, Axel Holst na Theodor Frølich walikuwa wakichunguza ugonjwa mwingine wa mabaharia. Wakachukua dende, wakawalisha nafaka na mikate, wakisubiri kuona ugonjwa wanaoutafuta. Dende wakapata kiseyeye badala yake. Wangalichagua panya wasingaliona kitu. Ndiyo namna ugonjwa huo ulivyoanza kueleweka maabara, kwa watu waliofanya kosa lile lile la pumba. Basi msionee aibu kosa lenu, mko na maprofesa.

Kwa nini wamekufa Julai, si Februari? Hapo nabahatisha, nawe utanisahihisha. Mvua ikinyesha, watoto wakitoka shule walikuwa wakiokota majani kando ya njia au kwenye mfereji, wakiwarushia dende kama mchezo. Hakuna aliyeliita hilo "chakula", ndiyo sababu hukuliandika. Juni kiangazi kikaingia, majani yakakauka, likizo nayo ikafika, watoto wakatawanyika. Hesabu wiki zako kutoka hapo. Na kule Walungu Koko alikuwa akirudi shambani jioni na fungu la majani ya maharagwe na kamba za viazi vitamu juu ya kichwa, analitupa jikoni bila kuwaza. Akikuambia "kwetu hawakufa", anasema kweli. Ila anausifu moshi kwa kazi iliyofanywa na majani.

Nije kwa bwana yako, na hapa sicheki. Nia yake ilikuwa nzuri na dawa yake ndiyo iliyoua wale wanne, kwa kiasi kikubwa ninavyoona. Utumbo wa dende ni kama mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi: ndani yake kuna viumbe vidogo vinavyochachusha majani, na mnyama anaishi kwa kazi yao. Ampisilini, amoksisilini na penisilini zinaua viumbe hao wema. Nafasi ikibaki wazi, bakteria wabaya wanaongezeka na kumwaga sumu, na mnyama anakufa kwa kuharisha au bila hata kuharisha, ndani ya siku chache. Kwa mtoto wako ampisilini ni dawa. Kwa dende ni sumu. Wale wawili waliopona walikuwa na bahati tu. Chupa iliyobaki itoke jikoni leo. Na kama kuna siku dende wataumwa mikrobe kweli, dawa zao zipo, lakini anazichagua veterineri, si mwenye farmasi.

Koko je? Nimsikilize vizuri, maana wazee wa Walungu na Kabare wamefuga dende tangu kabla sijazaliwa, na mimi nimekua nikilala nikisikia wakipiga kelele zao za "wii-wii" chini ya benchi la mama yangu. Moshi hauna faida yoyote kwa dende. Unawachoma macho na mapafu. Dende ana kifua chepesi, anaugua nyumonia haraka. Lakini kilichokuja pamoja na moshi kina faida. Jiko lina joto, na usiku wa Bukavu, kwenye mita karibu 1,500 juu ya bahari, unamtosha kumuua dende mchanga aliyelala penye unyevu. Jiko lina mlango na komeo. Paka haingii, mwizi haingii. Kuna miaka katika Kivu hii ambapo ng'ombe walichukuliwa, mbuzi wakachukuliwa, na kitu pekee kilichobaki kwenye kaya ni kile kilichojificha chini ya kitanda cha vyungu. Watu hawakuchagua jikoni kwa ujinga.

Kwa maji pia ana nusu ya haki. Dende anayekula majani mabichi yaliyojaa maji hagusi bakuli, ndicho alichokiona maisha yake yote. Dende anayekula pumba kavu anahitaji maji kila siku, kama mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake. Mlibadilisha chakula bila kubadilisha desturi.

Jicho lako halina hatia. Chuki haina njia ya kufika kwenye ufizi wa mnyama. Tena kuhusu kubanana, wewe ndiye mwenye haki, na naomba usimcheke mtu nikisema hivyo. Jike la dende linabeba mimba siku 68 hivi, linazaa wawili hadi wanne, wakiwa na manyoya na macho wazi, wanakimbia siku hiyo hiyo. Saa chache baada ya kuzaa linaweza kupandwa tena. Watoto wa kike wanaweza kushika mimba wakiwa na mwezi mmoja tu. Mlianza na watano, hamkumtenga dume hata mmoja, na huyo Mwalimu sasa ni baba wa karibu kila anayetembea humo, tena ni babu wa wengine. Majike yenye mimba yanahitaji vitamini C hadi mara tatu ya wengine, kwa hiyo nadhani wengi wa waliokufa mwanzo walikuwa majike yenye mimba au wadogo wanaokua. Niambie kama nimekosea.

Haya, cha kufanya kuanzia leo jioni. Nunua vidonge vya vitamini C peke yake, vya miligramu 500. Si multivitamini, maana ndani ya hizo mna vitamini nyingine zinazomdhuru dende zikizidi. Saga kidonge kimoja, koroga kwenye mililita 10 za maji safi. Kwa siringi bila sindano, mpe kila dende mgonjwa mililita moja kwa siku, wadogo nusu, kupitia pembeni mwa mdomo, polepole asipaliwe. Fanya hivyo siku saba hadi kumi. Majike yenye mimba wape hata kama hayachechemei. Ule mchanganyiko ukilala unapoteza nguvu, basi tengeneza mpya kila siku na usiuweke kwenye bakuli la maji ukitegemea watajinywea wenyewe. Mtoto mwenye mkono wa utulivu anaweza kufanya kazi hii kuliko mtu mzima mwenye haraka. Mkubwa wenu mpe cheo cha muuguzi.

Majani ndiyo dawa ya kudumu. Fungu la lengalenga (mchicha) la gramu 50, yaani konzi moja iliyojaa, lina karibu miligramu 20 za vitamini C. Dende mzima wa gramu 700 anahitaji kama miligramu 7 kwa siku, mwenye mimba kama 20. Unaona hesabu si ya kutisha. Wauza kabichi wa soko la Kadutu wanatupa majani ya nje kila jioni. Omba, watakupa bure au kwa vijisenti. Matembele, majani ya maharagwe, maganda ya ndizi na mapera yote yanafaa. Yawe mabichi, maana moto unaua vitamini hiyo. Maganda yenu yaliyochemshwa yalikuwa yanajaza tumbo tu. Siku tatu za kwanza ongeza kidogo kidogo, na usirundike majani yenye maji yakapata moto wenyewe, matumbo yatajaa gesi. Pumba msiiondoe, iwe nyongeza. Na kuna majani ya kukataa kabisa: majani ya parachichi, majani ya nyanya na ya viazi mviringo (si viazi vitamu), na sombe mbichi, yaani majani ya muhogo. Sombe ina vitamini C nyingi sana, najua mtu atakuambia hivyo, lakini mbichi ina sianidi. Wewe mwenyewe huipiki bila kuitwanga na kuichemsha muda mrefu.

Sasa jikoni. Si lazima wakae humo, ila usiwatoe ukawaweka uani kwenye baridi ili tu ushinde kesi. Mtengeneze kibanda cha mbao kilichoinuliwa kutoka chini, kikiwa kimeegemea ukuta wa nje wa jiko, upande ule wenye joto, chenye paa la bati na kufuli. Mita moja kwa mita moja inatosha dume mmoja na majike saba hivi. Sakafu iwe ya mbao au fito zilizobanana, maana waya wenye matundu makubwa unavunja miguu ya wadogo, halafu nyasi kavu juu yake, zibadilishwe kabla mkojo haujaanza kuwasha pua. Utapumua sawasawa jikoni, na dende wanapata joto bila moshi. Kama parseli yenu, yaani kiwanja chenu, haina usalama, nakuambia waziwazi: kibanda kizuri cha nje ni zawadi kwa mwizi. Hapo afadhali wabaki ndani, lakini kwenye sanduku la ghorofa mbili pembeni, mbali na mbabula, na dirisha lifunguliwe. Usiwashe makala ndani usiku mlango ukiwa umefungwa, kwa ajili ya dende wala kwa ajili ya watu.

Madume wadogo wenye wiki tatu hadi nne watengwe sanduku lao. Hao ndio wa kuuza au wa kula. Kuna njia nyingine pia, ya kuwaacha kabisa dende, na si dhambi kuitaja. Wanyama 16 wanaohitaji majani kila siku katika mji ni kazi. Kama hakuna wa kuifanya Julai na Agosti, wapunguzwe wabaki wanane. Najua Koko atakataa. Mwambie idadi ndogo yenye afya inazaa haraka kuliko kundi linalochechemea. Hesabu hiyo ataielewa kuliko mimi na wewe.

Kuhusu kula: hulazimiki. Ila usiseme ni nyama ya uchafu mbele ya watoto. Ni nyama nyeupe yenye protini nzuri na mafuta kidogo, na kule Peru, alikotoka mnyama huyu, ni chakula cha sherehe. Katika kanisa kuu la Cusco kuna picha ya karne ya 18 ya Marcos Zapata inayoonyesha Yesu na mitume kwenye karamu ya mwisho, na katikati ya meza, kwenye sahani, yumo dende. Koko wako akiijua picha hiyo hutapumua tena nyumbani, basi ni juu yako kumwambia au kunyamaza. Waliokufa wenyewe msiwale, na wale wawili waliomeza ampisilini wasichinjwe hivi karibuni.

Kama baada ya siku kumi za vitamini na majani bado wanakufa, ujue kuna jambo jingine na barua haitoshi. Vivyo hivyo ukiona makamasi na kupumua kwa shida, majipu shingoni, au kuharisha kundi zima. Mwite veterineri aje aone kwa macho, au umpelekee mmoja aliyekufa siku hiyo hiyo, hajaoza. Wanaohitaji ushauri wa mbegu na malisho wana kituo cha Inera, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale Mulungu, Kabare. Na mtoto akitokwa na duara la upele unaowasha mkononi au kichwani mwake, apelekwe kituo cha afya. Ni choa cha dende, kinatibika, lakini kinaambukiza ndugu zake wote.

Amebaki Mwalimu. Hawezi kuendelea kuwa dume la kundi hilo, kwa sababu sasa anapanda binti zake, na watoto watazidi kuwa wadogo na dhaifu. Watoto wako hawatakubali achinjwe, nami singewaomba. Koko akienda Walungu kusalimia, ampakie kwenye kile kile kikapu cha maparachichi, ambadilishe na dume la jirani asiye na undugu naye. Dume jipya akifika mtengeni peke yake wiki mbili kabla ya kumchanganya na wengine. Na jina lake safari hii mchague wewe, Mama.